Umehamisha simu za ofisi kwenda intaneti na sasa zinasumbua: anzia hapa

Mwongozo huu ni wa mwenye ofisi Arusha au Moshi aliyeachana na laini za shaba, akafunga simu za intaneti, na sasa mapokezi hawaishi kulalamika. Ni wa fundi wake pia. Nimeupanga kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo anayoijua mtu wa mapokezi. Hatasema ruta imesahau anwani, atasema, “Kaka, asubuhi simu ziliingia vizuri, sasa hivi haziingii.”

Kabla hujagusa kitu, jibu maswali matatu. Nani hasikii: ninyi, wa upande wa pili, au wote? Linatokea mkipiga, mkipigiwa, au kote? Na linaanza baada ya muda gani? Majibu hayo yanakufikisha kwenye chanzo haraka kuliko kifaa chochote cha kupimia. Nalisisitiza hili kwa sababu kinachofanyika mara nyingi ni kinyume chake: malalamiko yakizidi, ofisi inanunua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, na mwezi unaofuata sauti inakatika vilevile. Ni nadra tatizo likawa kasi.

Jaribio la kwanza ni simu ya ndani kwa ndani, mapokezi kwenda uhasibu. Kama mtambo wenu wa simu uko hapohapo ofisini na simu ya ndani ni safi, basi waya, swichi ya mtandao na simu zenyewe ni nzima. Tafuta kuanzia kwenye ruta kwenda nje. Lakini kama mtambo wenu uko kwenye seva ya mbali, hata simu ya ndani inatoka nje na kurudi, hivyo jaribio hili halitakuambia kitu.

Simu iko kimya, haina mlio

Laini ya shaba ilikuja na umeme wake, takriban volti 48 kutoka kituo cha simu. Ndiyo maana mtaa mzima wa Njiro ukiwa gizani, simu ya mezani ya zamani iliendelea kulia. Simu ya intaneti inategemea kifaa cha faiba kilichoko ukutani, ruta, swichi, mtambo na adapta. Kimoja kikizima, ofisi nzima haina simu.

Kwa hiyo anza na taa za vifaa kabla ya mipangilio. Taa zote zikiwaka, soma kioo cha simu. Kikiandika kwamba simu haijasajiliwa, hakiki jina la akaunti, neno la siri na anwani ya seva. Hakiki pia saa ya kifaa: simu zinazotumia njia iliyosimbwa hukataa cheti cha seva kama tarehe ya kifaa imerudi miaka ya nyuma, na hilo hutokea baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu.

Kuna kosa moja linaloua vifaa kabisa. Ofisi zinazotaka kubaki na simu zao za zamani hufunga adapta, na adapta ina matundu ya aina mbili. Lililoandikwa FXS linatoa mlio. Humo inaingia simu ya zamani. Lililoandikwa FXO linapokea laini ya shaba kutoka nje. Ukichomeka laini ya nje kwenye FXS, umekutanisha umeme wa kituo cha simu na umeme wa adapta, na adapta inaweza kuungua siku hiyohiyo. Hatari hiyohiyo ipo ukiunganisha FXS kwenye nyaya za ukutani ili kulisha simu za vyumba vyote vya hoteli wakati laini ya zamani bado imeungwa mlangoni mwa jengo. Kata kwanza muungano wa nje kwenye boksi, pima, ndipo uunganishe.

Mnapiga nje, lakini simu haziingii

Mpigie mtu nje, ukate, halafu mwambie akupigie papo hapo. Ikiingia, subiri dakika tano bila kugusa simu, apige tena. Isipoingia, umempata mhalifu: ni ruta. Ruta huweka kumbukumbu ya nani wa ndani aliongea na seva gani ya nje, na pasipo mazungumzo kwa muda huifuta, kwenye ruta nyingi baada ya sekunde 30 tu au zaidi kidogo. Seva ikileta simu, ruta haijui impe nani.

Dawa yake ni kuifanya simu ibishe hodi mara kwa mara. Kwenye mipangilio tafuta kipengele cha kudumisha muungano, weka sekunde 20 au 25. Ufupishe pia muda wa kujisajili upya. Saa nzima, ambayo vifaa vingi huja nayo, ni ndefu mno kwa ruta za kawaida.

Upande mmoja hausikii

Hapa wengi hupotea njia. Simu ya intaneti ina njia mbili. Ya kwanza ni ya maagizo: piga, lia, pokea, kata. Hiyo ndiyo SIP, na kawaida hutumia mlango wa mtandao (port) namba 5060. Ya pili ni ya sauti yenyewe, RTP, inayopita milango mingine kabisa. Mitambo mingi inayoendeshwa na programu ya Asterisk huja ikiwa imepangiwa 10000 hadi 20000. Simu ikilia na kupokelewa lakini upande mmoja ukawa kimya, maagizo yamefika na sauti imepotea njiani.

Kisa cha kawaida ni kwamba simu yako imejitambulisha kwa anwani ya ndani, mfano 192.168.1.20, na upande wa pili unatuma sauti huko. Anwani hiyo haifikiki kutoka nje ya ofisi yako. Waliotengeneza ruta walijaribu kulisaidia hili kwa kitu kinachoitwa SIP ALG, ambacho hufungua maagizo na kubadilisha anwani yenyewe. Kwa maoni yangu kizime tu. Mara nyingi hubadilisha nusu na kuacha nusu, na seva za siku hizi zinajua kushughulikia anwani za ndani bila msaada huo. Ukikizima, washa upya ruta pamoja na simu zote, kwa sababu muungano wa zamani huendelea kuharibu mambo hadi uvunjwe.

Kama ofisi inatumia ruta ya laini ya simu ya mkononi, angalia anwani ambayo ruta imepewa upande wa nje. Ikiwa mwanzo wake uko kati ya 100.64 na 100.127, maana yake mtandao umewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna mlango utakaofungua ofisini kwako utakaosaidia. Omba anwani ya umma, au pitisha simu kwenye VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti, hadi kwenye seva.

Simu inakatika yenyewe

Hapa tumia saa. Ikikatika kila mara kwenye sekunde ya 32, usihangaike na kasi. SIP inasubiri uthibitisho baada ya simu kupokelewa, na usipofika ndani ya sekunde 32 inakata. Uthibitisho huo unapotelea palepale inapopotelea sauti ya upande mmoja, kwenye ruta, na tiba ni ileile.

Ikikatika kwenye dakika ya 15 au ya 30 kamili, ni ukaguzi wa kikao: mitambo huulizana kama simu bado iko hai, na kikao cha kawaida ni sekunde 1800. Swali lisipojibiwa, simu inakufa hata kama mteja wa Ujerumani yuko katikati ya kulipia safari yake. Ukate ukaguzi huo kwa upande wako, au mwombe mtoa huduma mkubaliane nani aulize.

Ikikatika ovyo, bila mpangilio, na watu wote kwa pamoja, hapo ndipo ulaumu intaneti yenyewe.

Sauti inakatika-katika au inatoka kama ya roboti

Sasa tufike kwenye lalamiko kubwa kuliko yote, na tuanze na hesabu. Simu moja kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hula kilobiti 64 kwa sekunde za sauti tupu. Ukiongeza anwani na vichwa vya pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafirishwa, inafika karibu 87 kila upande. Simu kumi kwa mpigo hazifiki megabiti moja. Kodeki ya G.729 hula karibu 31 tu. Kwa hiyo ofisi yenye megabiti 10 haikosi nafasi ya simu.

Inachokosa ni zamu. Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde, na kila moja ina saa yake ya kufika. Pakiti ya sauti iliyochelewa ni sawa na abiria aliyefika stendi basi limeshaondoka: tiketi anayo, safari hana. Picha na barua pepe hazijali kuchelewa nusu sekunde. Sauti inajali.

Fikiria ofisi ya utalii mwezi wa Julai. Magari yamerudi kutoka Serengeti na Tarangire, mtu wa masoko anapandisha gigabaiti za picha na video. Njia ya kupandisha kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kushusha, ruta inapanga kila kitu kwenye foleni moja ndefu, na pakiti za sauti zinasubiri nyuma ya tembo na twiga. Ninyi mnamsikia mteja vizuri kabisa. Yeye anawasikia ninyi kwa vipande. Ukikuta sura hiyo, tatizo liko kwenye kupandisha.

Lithibitishe hivi. Kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa waya, tuma ping (ujumbe mfupi wa kupima muda wa kwenda na kurudi) kwenye seva ya simu wakati ofisi imetulia, uandike muda. Kisha anza kupandisha faili kubwa, tazama tena. Muda ukiruka kutoka milisekunde 30 hadi 400, foleni umeiona kwa macho. Ingia kwenye ruta, bana kasi ya kupandisha iwe asilimia 85 hadi 90 ya ile mnayopata kweli (usitumie iliyoandikwa kwenye mkataba), ili foleni itokee kwako, mahali unapoweza kuipanga. Kisha zipe pakiti za sauti kipaumbele. Alama yao ya kawaida ni DSCP 46. Kama ruta yenu haina uwezo huo, pesa ya kifurushi kikubwa inunue ruta nyingine.

Vipimo vya kushika: kuyumba kwa muda wa pakiti kufika kusizidi milisekunde 30, upotevu wa pakiti usifike asilimia 1, na safari ya upande mmoja isipite milisekunde 150, kiwango ambacho ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, inakitaja kuwa mazungumzo bado ni ya kawaida. Simu ya mezani iwe kwenye waya, isiwe kwenye waifai. Ofisi nyingi hubishana nami hapa, lakini waifai ya jengo lenye wapangaji sita katikati ya mji haiwezi kuahidi pakiti 50 kila sekunde.

Na uulize seva iko wapi. Kama mtoa huduma ameiweka Ulaya, simu kutoka ofisi yako ya Arusha kwenda tawi la Moshi, mwendo wa kilomita kama 80, inavuka bahari na kurudi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia. Ofisi iliyokuwa na seva ng'ambo ilikuwa hatarini kukosa hata simu ya chumba kwa chumba. Mtambo ukiwa ndani ya nchi, na mtoa huduma wako wa intaneti akiwa ameunganishwa kwenye vituo vya kubadilishana data vya hapa, TIX cha Dar es Salaam au AIXP cha Arusha, safari inakuwa fupi na haitegemei bahari.

Kambi za porini ni habari nyingine. Zikitumia setilaiti iliyoko kilomita 36,000 juu, kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde. Watu watakatizana maneno daima, na hakuna mpangilio utakaoondoa hilo. Wafundishe wafanyakazi kumaliza sentensi na kusubiri.

Mwangwi

Ukisikia sauti yako ikirudi, chanzo mara nyingi kiko upande wa mwenzako: spika yake inaingia kwenye kipaza sauti chake. Mwambie ainue mkono wa simu. Kama mwangwi unatokea kwa simu zinazopita kwenye laini ya shaba tu, kupitia FXO, basi adapta na laini havilingani. Chagua mpangilio wa nchi au ukinzani mwingine, punguza nguvu ya sauti, hakikisha kizuia mwangwi kimewashwa.

“Namba unayopiga haipo”

Mtandao haujafa, ni mazoea ya vidole. Kwenye mtambo wa zamani watu walibonyeza 9 kutoka nje, na namba ya mezani ya mji huohuo ilitosha tarakimu saba. Seva ya intaneti inataka namba kamili, mara nyingi kwa umbo la kimataifa. Usiwalazimishe wafanyakazi kujifunza upya. Andika kanuni kwenye mtambo. Iondoe 9 ya mwanzo inayofuatiwa na namba ya nje. Tarakimu saba ziongezewe 25527. Sifuri yenye tarakimu tisa nyuma yake igeuzwe 255. Lakini kabla ya kanuni hiyo ya sifuri weka za kimataifa: 000 iondolewe, 005 ya Kenya iwe 254, 006 ya Uganda iwe 256. Ukizipanga kinyume, simu za Nairobi zinaweza kwenda kusikojulikana.

Jaribu pia 112 na 114 ya zimamoto, kwa utaratibu mtakaokubaliana na mtoa huduma, maana si kila njia ya intaneti inazifikisha. Hata zikifika, weka simu ya mkononi yenye chaji mapokezi kwa ajili ya dharura.

Wateja wakilalamika kuwa wanaona namba ngeni mkiwapigia, namba mnayotuma haijaandikwa kwa umbo ambalo mtoa huduma analikubali, hivyo anaweka yake. Mwulize umbo hilo.

“Bonyeza moja,” na hakuna kinachotokea

Mlio wa vitufe umebanwa na kodeki hadi mtambo wa benki mliyoipigia hauutambui. Weka vitufe vitumwe kwa kiwango cha RFC 2833 (toleo jipya ni 4733) pande zote mbili. Basi.

Faksi, alamu, lifti

Faksi inataka T.38, kiwango cha kutuma faksi kwa intaneti. Bila hiyo tumia G.711, shusha kasi hadi 9600 na uzime urekebishaji wa makosa. Kurasa chache zitapita, hati ndefu itakusumbua. Alamu ya wizi na simu ya ndani ya lifti usizihamishe kwa adapta. Ziache kwenye shaba au zifungie kifaa cha laini ya mkononi, kwa sababu zinahitajika hasa pale umeme unapokatika.

Umeme ukikatika, simu zinapotea hata kama jenereta lipo

Jenereta huchukua sekunde kumi hivi kushika. Sekunde hizo zinatosha kuzima ruta, na ruta ikiwaka upya pamoja na kifaa cha faiba na mtambo, dakika kadhaa zimepita. Kila kitu kilichoko njiani kiwe kwenye UPS (betri ya akiba), pamoja na kifaa kidogo cha faiba ukutani, ambacho ndicho husahaulika. Swichi inayolisha simu umeme kupitia waya wa mtandao ikiwa kwenye UPS, simu za mezani zimelindwa pia. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Kwa vifaa vinavyokula wati 40, tegemea kama saa moja ikiwa betri ni mpya.

Kwa biashara ya utalii, Aprili na Mei ni miezi mizuri ya kuhama kwa sababu wageni ni wachache. Ila ni masika, na radi hupitia laini ya shaba hadi kwenye adapta na swichi. Kizuia radi na waya wa ardhini vitangulie siku ya kuhama.

Simu zinalia usiku, ukipokea kimya. Au bili imepaa

Hizo za namba kama 100 au 1000 ni programu zinazozunguka intaneti zikitafuta mitambo iliyo wazi. Zikikuta ekstensheni 101 yenye neno la siri 101, zitapiga simu za gharama ng'ambo usiku kucha kwa jina lako. Usiahirishe hili hadi kesho. Ruhusu maagizo kutoka kwenye seva ya mtoa huduma pekee, badilisha maneno yote ya siri, funga nchi msizopigia, weka kikomo cha matumizi kwa siku.

Namba ya zamani

Usifunge laini ya shaba kabla hujapata jibu la maandishi kuhusu namba yenu ya 027. Huduma ya kuhama mtandao na namba iliyoanza Machi 2017 ni ya simu za mkononi. Usidhani inahusu ya mezani. Njia salama ni kubakiza laini hiyo moja kwenye FXO, au kuielekeza kwenye namba mpya, na kuchagua mtoa huduma mwenye leseni ya TCRA.

Ukihitaji kumpigia mtoa huduma

Usimwandikie kwamba simu ni mbovu. Mpe simu tatu halisi: namba iliyopiga, iliyopigiwa, nani hakusikia, na muda. Kwenye muda uwe makini, kwa sababu mapokezi wakisema saa 4:42 asubuhi, kumbukumbu ya mtambo itaandika 10:42, na seva inayofuata saa ya UTC itaandika 07:42. Mhandisi akitafuta 04:42 hataona kitu na atafunga lalamiko lako. Andika hivi: “Jumanne, 10:42 kwa saa za Tanzania, mapokezi walipiga namba hii ya Moshi, ikapokelewa, walitusikia, sisi hatukusikia, ikakatika sekunde ya 32. SIP ALG imezimwa.”